Barua ya Bima Haikuwa Yake: Kisa cha Kibarua Aliyenyimwa Fidia Mombasa

Kisa hiki kilipita mikononi mwetu katika kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Mombasa. Majina yameondolewa na mambo madogo madogo yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Aliyeumia nitamwita K. Bidhaa aliyokuwa akipakia sitaitaja, maana kwa mji huu ukishataja bidhaa umekwisha kutaja nusu ya magodauni.

Usuli

K. ni baba wa watoto watatu, mkazi wa Mikindani. Kwa karibu miaka miwili alikuwa kibarua wa kupakia na kupakua makontena katika godauni moja upande wa Changamwe. Wenye godauni hawakumwajiri wao. Aliletwa na wakala wa vibarua, ambaye alimlipa shilingi 850 kwa siku, pesa zikiingia kwa M-Pesa kila Jumamosi jioni. Barua ya ajira hakuwahi kuiona. Kila jioni nyapara aliandika kwenye kikundi cha WhatsApp idadi ya watu wanaotakiwa kesho yake, na aliyewahi kujibu ndiye aliyepata siku.

Vibarua wengi wa namna hii wanaamini kwamba fidia ni ya watu wenye barua za ajira na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile inayoitwa na kila mtu WIBA kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, haisemi hivyo. Anayefanya kazi kwa ujira analindwa, na mkataba si lazima uwe wa maandishi. Mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya wafanyakazi wake. Ajali ikitokea, mfanyakazi anamwarifu mwajiri, hata kwa mdomo. Mwajiri naye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu iitwayo DOSH/WIBA 1, ambayo daktari pia ana sehemu yake ya kujaza. Madai yenyewe yana miezi 12 tangu siku ya ajali.

Siku ya ajali na miezi minne iliyofuata

Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Kontena la futi 40 lilikuwa limeshajazwa, nao wanalifunga. Sakafu ya mahali pale ina mteremko kidogo kuelekea mtaro wa maji, kwa hiyo mlango wa kulia wa kontena ukiachiliwa hurudi wenyewe kwa kishindo. Mwenzake aliuachilia kabla K. hajaondoa mkono kwenye vyuma vya komeo. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibanwa, cha shahada na cha kati. Cha kati kilikatika ncha. Cha shahada kilibaki, lakini mfupa ulisagika.

Nyapara alimfunga mkono kwa fulana, akampakia kwenye gari aina ya Probox hadi hospitali kuu, Makadara. Hapo pana jambo moja dogo lililokuja kugharimu sana. K. alikuwa akitetemeka kwa maumivu, na maelezo mapokezini yakatolewa na nyapara. Kwenye karatasi yakaandikwa maneno machache: mkono umebanwa na mlango. Mlango gani, wapi, wakati wa kazi gani, hakuna aliyesema na hakuna aliyeuliza. Kazi ya mhudumu ilikuwa kuzuia damu, na aliizuia.

Siku chache baadaye wakala alimpelekea K. shilingi 5,000 na karatasi ya kutia sahihi, kwamba amepokea msaada na hana madai mengine. K. alitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Dawa, kufunga kidonda na mazoezi ya vidole akalipa mwenyewe, kwa kukopa. Kila alipopiga simu aliambiwa mambo yako kwa bima, vuta subira. Akavuta subira hadi mwezi wa nne, ndipo alipotumiwa picha ya barua.

Barua ilisema nini

Barua ilitoka kwa kampuni ya bima ya wakala, na ilitoa sababu nne za kukataa. Ajali iliripotiwa kwa bima nje ya muda ulioandikwa kwenye mkataba wa bima. Karatasi ya hospitali haionyeshi kwamba jeraha lilitokea kazini. Jina la K. halimo kwenye orodha ya wafanyakazi iliyowasilishwa wakati wa kukata bima. Mwisho, aliyeumia hakuwa amevaa glavu, kinyume cha maagizo ya usalama.

K. alipokuja kwetu na picha ile kwenye simu, maneno yake yalikuwa haya: "Ndugu yangu, wameshakataa. Mimi na kampuni ya bima wapi na wapi?" Alikuwa pia ameshapatana nusu nusu na dalali mmoja wa kesi, wale wanaozunguka maeneo ya hospitali, aliyemwahidi wakili wa kwenda mahakamani moja kwa moja kwa makubaliano ya kugawana kitakachopatikana.

Tuliisoma barua ile polepole, na jambo la kwanza kuliona ni juu kabisa, pale inapoandikwa anayeandikiwa. Haikuandikwa kwa K. Iliandikwa kwa wakala. Yaani bima ilikuwa inamwambia mteja wake kwamba haitamrudishia gharama. Haki ya K. ilikuwa haijajadiliwa na mtu yeyote mwenye mamlaka ya kuijadili, kwa sababu fomu haikuwahi kufika kwa Mkurugenzi. Kisa chote kinasimama juu ya tofauti hiyo, na ndiyo sababu nimekiandika.

Maamuzi, na kwa nini

*Kutokwenda mahakamani kwanza.* Wazee wa bandarini wanaikumbuka njia ya zamani: unaumia, unapata wakili, unamshtaki mwajiri kwa uzembe. Baada ya WIBA kutungwa, Chama cha Wanasheria kiliipinga mahakamani, na kwa miaka kadhaa vifungu vyake kadhaa vilikuwa vimebatilishwa na Mahakama Kuu, basi kesi zikaendelea kufunguliwa kama kawaida. Mahakama ya Rufaa ilivirudisha vingi mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi huo: mfanyakazi aliyeumia kazini anaanzia kwa Mkurugenzi, na mahakama inakuja baadaye kwa njia ya rufaa. Dalali wa K. ama hakujua, ama alijua akanyamaza. Kesi ingefunguliwa, ingetupwa, na miezi 12 ingekuwa inayoyoma.

*Kutoijibu bima.* Mkewe K. alitaka tuiandikie bima barua kali. Tulikataa. Ukibishana na bima juu ya masharti ya mkataba ambao wewe si mshirika wake, unakuwa umekubali kwamba bima ndiyo hakimu. Kama wakala alichelewa kuwaarifu, hayo ni yake na wao. Tena zile siku 7 za kisheria ni wajibu wa mwajiri. Kuchelewa kwa mwajiri hakuwezi kugeuzwa kuwa dhambi ya aliyeumia.

*Kutogusa karatasi ya hospitali.* Rafiki mmoja wa K. alishauri aende akamwombe mhudumu aongeze neno "kazini" kwenye ile karatasi. Ushauri wa namna hii unatolewa sana, na ni wa hatari. Nakala nyingine ya karatasi ileile ilikuwa kwa bima. Zikiwekwa pamoja zikatofautiana, K. anageuka kutoka mtu aliyeumia kuwa mtu aliyeghushi. Tukaiacha ilivyo, tukatafuta ushahidi wa kuizunguka.

*Kuwataja wote wawili.* Godauni lilisema K. ni wa wakala. Wakala alisema K. ni kibarua huru anayejitafutia. Katika maelezo tuliyopeleka ofisi ya usalama na afya kazini tuliwataja wote wawili, tukaeleza nani alilipa na nani aliamuru kazi, tukamwachia afisa aamue. Kuchagua mmoja mapema kungempa yule mwingine nafasi ya kujitoa kimyakimya.

Ushahidi ulivyokusanywa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kisa kilipogeuka.

Kwanza taarifa ya M-Pesa ya miezi 12. K. hakujua kwamba inapatikana. Ilipotoka, kila Jumamosi kulikuwa na malipo kutoka namba ileile: 5,100, 4,250, 5,100, 5,100. Shilingi 5,100 ni siku sita za 850. Ukigawanya mwaka mzima, wastani ulikuwa siku 24 kwa mwezi, yaani shilingi 20,400. Kwa ukurasa huo mmoja hoja ya kibarua huru ilikufa, na kiwango cha mshahara kikapatikana palepale.

Pili simu yake. Kesho yake ya ajali, asubuhi, nyapara alikuwa amemwandikia: "Mkono waendeleaje? Usije leo wala kesho. Ntaongea na ofisi wakusaidie dawa." K. alikuwa anaona ni salamu tu. Kisheria ni dhahabu: mwajiri, kupitia msimamizi wake, alijua kuhusu ajali ndani ya siku moja. Na kwenye kikundi, wiki mbili kabla, nyapara huyohuyo alikuwa ameweka picha ya kujisifia kazi iliyokwisha mapema. Vibarua 11 wamesimama mbele ya kontena, mikono mitupu wote. Glavu ambazo K. alilaumiwa kwa kutovaa hazikuwepo kwenye mkono wa mtu yeyote. Ili kumnyima mfanyakazi fidia kwa sababu ya mwenendo wake, sheria inataka makosa yawe ya makusudi na ya kujitakia. Kutovaa kitu ambacho hukupewa hakufiki huko.

Mashahidi walikuwa shida. Walioona kwa macho walikuwa watatu. Wawili walisema wazi kwamba riziki yao ipo pale na hawatatia sahihi popote, na sikuwalaumu. Wa tatu alikubali kisha akazima simu. Aliyetuokoa ni mama anayeuza chai na mahamri nje ya geti. Hakuona mlango ukifunga, lakini alimwona K. akitolewa ndani akiwa amefungwa fulana yenye damu, na alimsikia nyapara akimwambia mlinzi afungue haraka, mtu amebanwa na kontena. Yeye haajiriwi na mtu pale. Maelezo yake yalikuwa mafupi, na afisa aliyaamini.

Na mwisho kabisa, barua ya kukataa yenyewe. Wakala alipofika ofisini alisisitiza kwamba K. si mfanyakazi wake. Afisa akamsomea mstari wa kwanza wa barua, ule unaorejelea taarifa yake kwa bima kuhusu ajali ya mfanyakazi wake. Alikuwa amekwisha kudai bima kwa ajili ya mtu ambaye sasa anasema hamjui. Hakuwa na jibu la maana. Ile karatasi ya shilingi 5,000 aliitoa pia. Afisa aliitazama, akairudisha mezani, akasema haimzuii kufungua faili.

Wakala akaamriwa ajaze DOSH/WIBA 1. Ilijazwa mwezi wa sita tangu ajali.

Matokeo

Daktari alisubiri hadi vidole vilipofikia mwisho wa kupona ndipo akakadiria ulemavu wa kudumu. Kusubiri huku kulimchosha K., lakini kidole kinachoweza kukunjika leo huenda kikakakamaa baada ya miezi miwili, na kilichokwisha kukadiriwa ni taabu kukifufua. Alikadiria asilimia 12.

Hesabu ya sheria ni mapato ya miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Kwa K. ikawa 20,400 mara 96, yaani 1,958,400, na asilimia 12 yake ni shilingi 235,008. Juu yake kuna malipo ya muda aliokuwa hawezi kazi, miezi mitatu, shilingi 61,200. Gharama za matibabu alizotumia zilikuwa 38,600 kwa hesabu ya mkewe, lakini risiti zilizopatikana zilifika 27,450 tu. Zilizobaki zilifuliwa na suruali au zilipotea, na hazikulipwa.

Wakala aliwasilisha pingamizi ndani ya siku 60 zinazoruhusiwa, akileta ripoti ya daktari mwingine aliyekadiria asilimia 8. Jibu la Mkurugenzi lilishusha kiwango hadi asilimia 10, kwa hiyo fidia ya ulemavu ikawa 195,840. Jumla ya yote, 284,490. K. alikuwa na siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kuhusu zile shilingi 39,168 zilizopungua. Hakukata.

Sheria inasema madai yalipwe ndani ya siku 90. Yalipita. Pesa zilikuja kwa mafungu matatu, la mwisho baada ya afisa kumwita wakala tena. Kampuni ya bima haikuwahi kubadilisha msimamo wake. Wakala alilipa mfukoni mwake.

Uchambuzi

Bima ilikataa mwanzo hadi mwisho, na mfanyakazi akalipwa. Mtu akilishika hilo amekishika kisa. Barua za kukataa zinafanya kazi kwa sababu zinaonekana kama hukumu: nembo juu, namba ya kumbukumbu, lugha ya Kiingereza kizito, sahihi ya ofisa. Anayepewa picha yake kwenye simu haoni kwamba ni mawasiliano ya wengine wawili. Kati ya sababu nne zilizotolewa, mbili, ile ya kuchelewa na ile ya orodha ya majina, hazikumhusu K. hata chembe. Zilikuwa lawama za bima kwa wakala. Mbili zilizobaki zilikuwa hoja za kweli zilizohitaji ushahidi, na ushahidi ukapatikana.

Kilichofanya kazi zaidi ni kumbukumbu ambazo hakuna aliyezitunza kwa nia ya kesi. M-Pesa, WhatsApp, picha ya kujisifu. Kibarua wa leo ana nyaraka nyingi kuliko mwenye barua ya ajira wa miaka ya nyuma, ila hajui kwamba anazo. Ningemshauri yeyote katika hali hii aombe taarifa ya M-Pesa kabla ya kuomba wakili, na asifute kikundi cha kazini hata kama kimejaa porojo.

Kilichoshindwa kilianzia mapokezini. Dakika moja ya mgonjwa kusema "nimeumia kazini, kontena limenibana" ingefuta sababu moja nzima ya kukataliwa. Simlaumu K., mtu aliyekatika kidole hafikirii fomu. Lakini ndugu au mwenzake anayemsindikiza anaweza kuisema, na asiachiwe nyapara peke yake, hata akiwa mtu mwema kama huyu alivyokuwa. Miezi minne ya kuvuta subira nayo ilikula theluthi ya muda wa kisheria. Kama angekaa hadi mwezi wa kumi na tatu, tungebaki kutegemea hoja kwamba mwajiri alijua kwa njia nyingine, hoja ambayo ipo kisheria lakini inamweka mtu ukingoni.

Kuhusu kutokukata rufaa, sikubaliani na K. ila namwelewa. Asilimia 12 ilikuwa ya daktari aliyemfuatilia kwa miezi, na 8 ilikuwa ya daktari aliyemwona mara moja. Naona hoja ilikuwa nzuri. Yeye alikuwa na karo na deni dukani, na akasema, "Nipe hizi nilizo nazo, hizo nyingine zibaki nao." Mtu akikuambia hivyo, kazi yako ni kumweleza anachokiacha, kisha unyamaze. Mkono ni wake.

Kuna mambo mawili yaliyobaki wazi. K. hakurudishwa kazini. Namba yake iliondolewa kwenye kikundi wiki ileile fomu ilipojazwa, na suala hilo ni la Sheria ya Ajira, ambalo hakutaka kulifungua. Na kutoripoti ajali ndani ya siku 7 ni kosa la jinai kwa mwajiri, lakini wakala hakushtakiwa. Bado analeta vibarua katika godauni lilelile.